Nakala Ipi? Vipande Vilivyopotea na Matoleo ya Nyumbani ya Filamu Kongwe za Kigothiki

Utangulizi

Makala haya yametokana na kosa. Katika semina ya wanafunzi wa uzamili niliwasilisha sura ya tasnifu yangu inayolinganisha mzuka wa riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Babu Alipofufuka (2001), na wafu wasiotulia wa filamu kongwe za Ulaya. Nilidai, tena kwa sauti ya mtu asiye na shaka, kwamba F. W. Murnau, mwelekezi wa Nosferatu (1922), aliivunja kwa makusudi kanuni aliyoiweka yeye mwenyewe. Filamu hiyo inatwambia kuwa nuru ya jua humwangamiza mnyonya-damu. Lakini mnyonya-damu yuyo huyo anaonekana akipita mjini na jeneza lake mikononi, kuta zikiwaka jua. Juu ya tukio hilo nikajenga nadharia nzima ya uovu usioogopa mwanga. Kurasa kumi na moja. Mwalimu aliyeongoza semina alinisikiliza hadi mwisho, akafunga daftari lake, kisha akauliza: "Hiyo nakala uliyoitazama ilikuwa na rangi?"

Haikuwa na rangi. Ilikuwa sahani ya DVD ya bei nafuu, nyeusi na nyeupe, isiyotaja aliyeitoa wala mwaka. Nilikuwa nimehakiki kasoro ya mnakili nikidhani ni fikra ya msanii.

Kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili aibu hiyo ina uchungu wa ziada kwa kuwa somo lenyewe tunalijua. Hakuna anayethubutu kuandika juu ya Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir bila kutaja anatumia toleo la nani, maadamu matoleo yake, tangu lile la William Hichens la mwaka 1939 hadi yale ya baadaye, hayalingani katika idadi wala mpangilio wa beti. Tunajua kwamba mnakili huruka mstari, hurekebisha asichokielewa na pengine huongeza cha kwake. Lakini tukifika kwenye filamu tunaisoma kana kwamba kuna moja tu, na kwamba iliyo mbele yetu ndiyo hiyo. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba filamu kongwe ni matini ya miswada mingi. Kwamba kilichokatwa au kupotea huathiri maana na wala si urefu peke yake. Na kwamba kanda na sahani tunazotazama nyumbani ni matoleo yenye wahariri wake, hata kama majina yao hayakuandikwa popote.

Kabla ya kuendelea, neno kuhusu istilahi. Kwa "kigothiki" ninakusudia ule mkondo ulioanza katika riwaya ya Kiingereza ya karne ya 18, The Castle of Otranto ya Horace Walpole (1764) ikiwa ndiyo mama yake: kasri kuukuu, siri ya ukoo, mfu asiyelala, mwanamwali aliye hatarini. Na ninasema "mnyonya-damu" badala ya "mumiani", ingawa wako wanaopendelea hilo la pili. Mumiani wa uvumi wa Afrika Mashariki ni mtu hai, aghalabu anayesemekana kutumwa na wakubwa, anayewavizia wenzake ili awatoe damu. Hajafa, hajafufuka, wala halali jenezani. Kumwita Dracula mumiani ni kumpa kazi ya mwingine.

Usiku uliofutika

Kisa cha Nosferatu kinapitia mahakamani. Kampuni ya Prana-Film ya Ujerumani, ambayo haikupata kutoa filamu nyingine, iliigeuza riwaya ya Bram Stoker, Dracula (1897), kuwa filamu bila kuomba idhini. Henrik Galeen, aliyeandika hadithi ya filamu, alibadilisha majina: Dracula akawa Orlok, Jonathan Harker akawa Hutter, Mina akawa Ellen, na matukio yakahamishwa kutoka Uingereza hadi Wisborg, mji wa kubuni wa Ujerumani. Filamu ilizinduliwa Berlin tarehe 4 Machi 1922. Stoker alikuwa amefariki mwaka 1912, lakini mjane wake, Florence Stoker, alikuwa hai. Akashtaki. Prana ilikuwa imekwisha filisika, kwa hivyo fidia ya kulipwa haikuwapo. Mwaka 1925 ikaamuriwa negativu na nakala zote za filamu hiyo ziharibiwe.

Negativu asilia haijulikani iliko hadi leo. Filamu ilinusurika kwa kuwa nakala kadhaa zilikuwa zimekwisha vuka mipaka ya Ujerumani. Kila zilikofika zilinakiliwa upya na maandishi yake kutafsiriwa. Katika baadhi ya nakala za Kiingereza majina ya Stoker yalirejeshwa, hivi kwamba mtazamaji alisoma kuwa Orlok ni Dracula na Wisborg ni Bremen. Kilichobadilishwa ili kukwepa sheria kikarudishwa na wanakili ambao hawakuwa na kesi.

Sasa rangi. Filamu za miaka hiyo zilipigwa kwa mkanda wa nyeusi na nyeupe, lakini nakala za kuonyeshwa mara nyingi zilichovywa katika dawa ya rangi, kila sehemu na rangi yake: manjano kwa mwanga wa ndani, waridi kwa alfajiri, bluu kwa usiku. Mikanda ya wakati huo haikuweza kunasa picha nzuri gizani, kwa hivyo matukio ya usiku yalipigwa mchana, kisha bluu ikayageuza. Mtazamaji wa 1922 aliielewa bluu hiyo kama mtazamaji wa tamthilia anavyoelewa kuwa taa zikizimwa na kuwashwa tena, siku imepita. Ulikuwa mkataba baina ya msanii na hadhira. Nakala zilizotengenezwa baadaye zilirudi kwenye nyeusi na nyeupe, na bluu haikunakiliwa. Usiku ukafutika, mchana ukajitokeza mahali ambapo haukukusudiwa kuwapo.

Hasara hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa suala la jua ndilo mchango mahsusi wa filamu hii. Katika riwaya ya Stoker, Dracula hutembea London mchana. Nguvu zake hupungua tu. Ni katika Nosferatu ambapo jua linamuua: jogoo anawika, nuru inaingia dirishani, Orlok anayeyuka kama moshi. Filamu nyingi za baadaye zimeirithi kanuni hiyo kutoka hapa. Kwa hivyo nakala isiyo na rangi inaifanya filamu ijikane katika hoja yake yenyewe.

Wakarabati wamejaribu kwa miongo kadhaa kuiponya. Enno Patalas alifanya kazi hiyo Munich katika miaka ya 1980. Kisha mnamo 2005 na 2006 Luciano Berriatúa aliongoza ukarabati wa taasisi ya Friedrich-Wilhelm-Murnau-Stiftung uliotegemea zaidi nakala ya Kifaransa ya 1922 iliyokuwa na rangi zake. Toleo hilo huchukua dakika 94 hivi. Sahani yangu ya bei nafuu ilikuwa na dakika sitini na kitu. Sehemu ya pengo hilo ni vipande vilivyokosekana, lakini sehemu nyingine ni mwendo tu: filamu bubu zilipigwa kwa picha pungufu kwa sekunde, na zikionyeshwa kwa picha 24 kwa sekunde, watu hukimbia kama siafu. Orlok wa Max Schreck, ambaye utishaji wake wote umo katika ule mwendo wa polepole wa kitu kisicho na haraka kwa sababu hakifi, alikuwa akipita mbele yangu kama mchekeshaji. Hata muziki niliousifu katika uwasilishaji wangu haukuwa wake. Sehemu kubwa ya muziki wa Hans Erdmann uliotungwa kwa ajili ya filamu hii imepotea, na waliouza nakala za rahisi walijaza chochote walichokuwa nacho.

Je, nadharia yangu ilikuwa batili kabisa? Nimelitafakari swali hili kuliko nilivyopenda. Ni kweli kwamba kwa muda mrefu watazamaji wengi hawakuwa na Nosferatu nyingine ila ile isiyo na usiku. Walimwona mnyonya-damu akitembea juani na wakamfasiri hivyo. Mtafiti wa upokezi ana haki ya kuliandika hilo. Asichoweza kufanya ni kumbebesha Murnau. Mimi nilikuwa nimembebesha Murnau.

Makasi na ziwa

Mfano wa pili ni mfupi, na pengine ndio unaofaa zaidi kufundishia. Katika Frankenstein ya James Whale (1931) kiumbe anayeigizwa na Boris Karloff anamkuta msichana mdogo, Maria, kando ya ziwa. Msichana hamwogopi. Wanacheza kwa kurusha maua majini na kuyatazama yakielea. Maua yanapokwisha, kiumbe, ambaye amefurahi kwa mara ya kwanza katika maisha yake, anamwinua mtoto na kumrusha naye, akidhani ataelea. Mtoto anazama. Kiumbe anahangaika, hajui amefanya nini.

Wadhibiti wa baadhi ya majimbo ya Marekani walilikata tukio hilo, na filamu ilipotolewa upya katika miaka ya 1930, Kanuni ya Utengenezaji wa Filamu ikiwa imeanza kutekelezwa kwa ukali tangu 1934, likaondolewa kabisa. Makasi yalipita pale kiumbe anaponyoosha mikono kumwelekea mtoto. Kinachofuata ni baba akipita katikati ya sherehe ya kijiji amembeba binti yake maiti, soksi imeteremka. Msomaji ataona mara moja lililotokea. Mtazamaji aliyenyimwa ziwa alilazimika kulijaza pengo mwenyewe, na alilojaza lilikuwa ovu kuliko lililokatwa. Ajali ya kitoto ikageuka kuwa jinai isiyotajika. Kiumbe wa Mary Shelley, ambaye tangu riwaya ya 1818 anadai tumhurumie, akapoteza haki ya kuhurumiwa, na akaipoteza kwa mkono wa watu waliotaka kupunguza ukatili.

Kipande hicho kilirejeshwa katika miaka ya 1980, na ni vyema kuzingatia kilirejea wapi: katika kanda za video na sahani za leza za kutazamwa nyumbani. Kwa zaidi ya miaka arobaini kumbi za sinema zilikuwa zimeonyesha filamu pungufu. Sebule ndiyo iliyopata ile kamili.

Magombo manne ya Tokyo

Dracula ya kampuni ya Hammer (1958), iliyoelekezwa na Terence Fisher katika studio za Bray, Uingereza, kwa hadithi ya filamu ya Jimmy Sangster, ndiyo iliyomfanya Christopher Lee ajulikane duniani. Marekani iliitwa Horror of Dracula ili isichanganywe na ile ya Universal ya 1931. Ilikuwa na rangi, na damu yake ilikuwa nyekundu kwelikweli. Bodi ya udhibiti ya Uingereza iliipa cheti cha X, maana yake wakati huo ni kwamba aliye chini ya miaka 16 asiione, na hata hivyo ikataka ipunguzwe. Miongoni mwa yaliyopunguzwa ni matukio mawili. La kwanza ni lile ambapo Dracula anamjia Mina chumbani. La pili ni kifo cha Dracula, pale Van Helsing, anayeigizwa na Peter Cushing, anaporukia pazia na kulichana, jua likaingia, kisha akavishika vinara viwili vya mishumaa kwa umbo la msalaba na kumsukumia adui yake kwenye nuru.

Kwa zaidi ya miaka hamsini wapenzi wa filamu hii walikuwa na uvumi: kwamba iliyopelekwa Japani ilikuwa na zaidi. Uvumi huo haukuwa wa bure. Kulikuwa na picha mnato iliyochapishwa magazetini ikimwonyesha Lee amejiwekea vidole usoni, ngozi ikimtoka kama udongo mbichi, na tukio la namna hiyo halikuwamo katika nakala yoyote iliyouzwa. Mhakiki wa fasihi simulizi angeutambua mara moja muundo wa hali hii: masimulizi yanadumu kwa sababu kuna masalio machache yanayoyaunga mkono, na hakuna aliyekwenda kuthibitisha.

Mwaka 2011 Mwingereza mmoja aliyeishi Tokyo, Simon Rowson, akaenda kuthibitisha. Kituo cha Taifa cha Filamu cha mji huo kilikuwa na nakala ya Kijapani ya Dracula katika magombo tisa. Lakini mnamo Septemba 1984 moto ulikuwa umezuka katika hifadhi ya kituo hicho. Magombo matano ya kwanza yaliteketea. Yaliyosalia, la sita hadi la tisa, yaliguswa na joto na maji, lakini yalikuwa yakionekana. Bahati, kama ni bahati, ilikuwa kwamba matukio yote mawili yaliyosakwa yamo mwishoni mwa filamu.

Vipande hivyo viliunganishwa na ukarabati ambao makavazi ya taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, yalikuwa yamekwisha kuufanya mwaka 2007, na toleo jipya likauzwa kwa matumizi ya nyumbani Machi 2013. Kilichoongezeka ni kidogo mno kwa saa. Mtu anayepima thamani kwa dakika atasema Rowson alijisumbua. Tukitazame kwa makini.

Katika kifo cha Dracula tulichokijua, mguu unageuka vumbi, mkono unageuka vumbi, tunamwona Van Helsing akitazama, kisha majivu na pete sakafuni. Kifo hicho ni safi. Uovu unaondolewa kama doa. Katika kile cha Tokyo Dracula anajikwangua uso kwa vidole vyake mwenyewe na nyama inabaki mkononi. Anajiangamiza huku akijaribu kujinusuru. Ghafla yule aliyekuwa nguvu tupu isiyo na mwili ana mwili, tena unaouma. Sidai kwamba tunamwonea huruma kama tunavyomwonea kiumbe wa ziwani, lakini kwa sekunde chache ushindi wa Van Helsing unakosa ladha.

Tukio la Mina lina uzito zaidi, na nadhani halijapewa haki yake na wanaovutiwa tu na ngozi inayobanduka. Dracula anamkaribia mke wa watu kitandani. Katika nakala iliyokatwa anainama na tukio linakwisha: ni shambulio. Katika nakala iliyorejeshwa uso wake unatua usoni pa Mina polepole, midomo inapita karibu na midomo, na uso wa Mina, anayeigizwa na Melissa Stribling, hauonyeshi hofu peke yake. Damu haikuwa ndiyo iliyowasumbua wadhibiti hapa, kwa kuwa hakuna tone. Kilichokatwa ni matamanio ya mwanamke aliyeolewa. Ukiandika tasnifu ya kifeminia juu ya filamu hii kwa kutegemea nakala ya zamani, utaandika kuhusu mwathiriwa. Ukitegemea ile ya 2013, itakubidi uandike kuhusu mtu anayechagua, au angalau anayesita.

Niongeze tahadhari. Toleo lililokarabatiwa nalo lina mkono wa mhariri. Lilipotoka, baadhi ya wapenzi walilalamika kuwa picha imetiwa samawati kupita kiasi, tofauti na joto la rangi walilolikumbuka. Nilicheka niliposoma hayo: huku Nosferatu ikiwa imenyang'anywa bluu yake, huku Dracula ikidaiwa kuongezwa isiyokuwa yake.

Filamu sebuleni

Kabla ya kanda za video, aliyetaka kumiliki filamu alinunua vigombo vya milimita 8. Kampuni ya Castle Films ya Marekani iliuza filamu za kutisha za Universal zikiwa zimefupishwa kwa gombo la futi 200, yaani robo saa au chini ya hapo, mara nyingi bila sauti, maneno machache yakiandikwa chini ya picha. Matangazo yake yalijaa katika majarida ya mashabiki kama Famous Monsters of Filmland, lililoanzishwa mwaka 1958. Filamu ya zaidi ya saa moja kufanywa robo saa ni zaidi ya kupunguzwa. Ni kutungwa upya. Mazungumzo yote yanaondoka, mapenzi yanaondoka, daktari na maadili yake wanaondoka, anabaki zimwi. Nashuku kwamba ile dhana iliyoenea, kuwa filamu hizi ni hadithi za mazimwi na basi, inadaiwa sana na vigombo hivyo.

Kanda ya VHS iliyozinduliwa na JVC mwaka 1976 ilirudisha urefu, lakini ikapunguza upana. Hapa sina budi kuitaja The Innocents ya Jack Clayton (1961), iliyotokana na The Turn of the Screw ya Henry James (1898), na ambayo kwangu ndiyo bora kuliko zote nilizozitaja. Ilipigwa kwa CinemaScope, picha ambayo upana wake ni zaidi ya mara mbili ya kimo. Mpigapicha wake, Freddie Francis, hakupenda uwanja mpana kiasi hicho kwa hadithi ya mtu mmoja anayebanwa na hofu zake, basi akatengeneza vichujio na kuvipaka rangi pembeni kwa mkono, ili kingo za picha zimezwe na giza. Mlezi anasimama na mshumaa katikati, na kushoto na kulia kwake kuna weusi ambao macho yetu hayaachi kuuchungulia. Humo ndimo mizuka ilimo, au haimo. Utata huo ndio filamu yenyewe.

Runinga ya zamani ilikuwa karibu mraba. Ili filamu kama hiyo iijaze, pande zilikatwa, na zaidi ya asilimia 40 ya picha ikapotea. Kilichokatwa ni giza lile lile la Francis. Hakuna hata dakika moja iliyoondolewa, hakuna mdhibiti aliyehusika, urefu ulioandikwa kwenye ganda ni sahihi kabisa, na bado filamu haimo. Ndiyo maana nasisitiza kwamba "kipande kilichopotea" kisihesabiwe kwa muda pekee.

Kinyume chake kipo pia. Filamu huonyeshwa sinemani kwa picha 24 kwa sekunde. Mfumo wa PAL, uliotumiwa na runinga zetu hapa Kenya na za Uingereza, ulikwenda kwa 25. Basi filamu ikarekodiwa kwa kuharakishwa kidogo, na Dracula ya dakika 82 ikamalizika kwa dakika 79 hivi. Mtu akilinganisha kanda hiyo na ya Marekani ataapa kuwa dakika tatu zimekatwa, ilhali hakuna picha hata moja iliyokosekana. Mtafiti anayetegemea maganda ya kanda na aogope.

Yasiyorudi

Yapo yasiyo na Tokyo yake. Utafiti wa David Pierce uliochapishwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya filamu bubu ndefu 10,919 za Marekani, ni asilimia 14 tu zilizosalia katika umbo zilimotolewa. Mikanda ya naitreti iliyotumika hadi mapema miaka ya 1950 hushika moto upesi na huoza yenyewe ikiachwa. Isitoshe, baada ya sauti kuingia, kampuni nyingi hazikuona faida ya kuhifadhi filamu bubu.

London After Midnight ya Tod Browning (1927), ambamo Lon Chaney amevaa kofia ndefu na meno kama msumeno, inaaminika ilikuwa na nakala moja ya mwisho katika ghala la MGM, na ghala hilo likaungua mwaka 1965. Picha mnato zipo kwa wingi. Mwaka 2002 Rick Schmidlin alizipanga kwa kufuata hadithi iliyoandikwa, akapata filamu ya picha zisizosogea, ikaonyeshwa kwenye runinga ya Turner Classic Movies. Browning mwenyewe alikuwa ameitengeneza upya hadithi hiyo kama Mark of the Vampire (1935). Mwaka 2014 bango moja la filamu hiyo liliuzwa mnadani kwa dola 478,000. Tuna bango, tuna picha, tuna hadithi, tuna mjukuu wake wa 1935, yenyewe hatuna. Nimesoma tahakiki zinazoizungumzia London After Midnight kana kwamba mwandishi ametoka kuitazama jana. Afadhali mimi nilikuwa na sahani mbovu.

Tangu ile semina nimejiwekea utaratibu. Kila filamu ninayoitaja naandika mwaka wa kutolewa kwake na mwaka wa toleo nililolitazama, aliyelikarabati kama anajulikana, urefu wake, mfumo wa runinga au mwendo wa picha, umbo la picha, na kama lina rangi zake. Ninapotaja tukio linalojulikana kutofautiana, naitazama angalau nakala ya pili kabla ya kusema neno. Kazi hiyo huchukua muda, na tanbihi zimekuwa ndefu kuliko msimamizi wangu apendavyo. Nimeitazama Nosferatu upya katika rangi zake. Orlok anapita na jeneza lake katika bluu nzito, madirisha yamefungwa, mji umelala, na hakuna jua mahali popote. Zile kurasa kumi na moja zimesalia tatu, nami nimezikabidhi tena wiki iliyopita.